Umeme wa Jokofu Unalipwa na Nani?

Tarehe 30 Januari 2025 Wizara ya Afya ya Uganda ilitangaza kwamba Ebola aina ya Sudan imezuka Kampala, na kwamba muuguzi mmoja wa Hospitali ya Mulago amefariki. Tarehe 3 Februari, siku nne tu baadaye, watu waliokuwa karibu na wagonjwa walianza kupewa chanjo ya majaribio. Utafiti huo uliongozwa na Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda iliyoko Entebbe, na ulipewa jina la Kiswahili, Tokomeza. Shirika la Afya Duniani likasema ni kasi ya rekodi.

Mwezi huohuo Washington ilikuwa na habari nyingine. Tarehe 20 Januari rais mpya wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kwa hiyo Kampala ilipokuwa ikiuonyesha ulimwengu kwamba Mwafrika anaweza kuanzisha majaribio ya chanjo katikati ya mlipuko, kliniki za utafiti zilizotegemea fedha hizo barani zilikuwa zikipokea maagizo ya kuweka vifaa chini mara moja.

Tangu hapo nimesoma makala nyingi zinazosema huu ni wakati wetu wa kujitegemea. Wimbo mzuri, ila wengi wanaouimba hawajawahi kufungua bajeti ya mradi wa utafiti wakaisoma hadi mstari wa mwisho. Hoja yangu iko kwenye mstari huo. Uganda haina uhaba mkubwa wa watafiti wenye akili, na kwa miaka arobaini sasa haijakosa miradi. Inachokosa ni fedha ya kushikilia mambo baada ya mradi mmoja kwisha na kabla ya mwingine kuanza. Fedha hiyo mfadhili haipendi kwa sababu haina cha kupigia picha, na serikali yetu haiipendi kwa sababu imezoea kwamba kuna mfadhili.

Turudi kwenye zile siku nne. Hazikudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 2022 Ebola ya aina hiihii ilizuka Mubende, ikatangazwa 20 Septemba. Maambukizi 142 yalithibitishwa, na kati yao watu 55 wakafa. Chanjo iliyoidhinishwa haikuwepo, na bado haipo. Dozi za kwanza za chanjo za majaribio zilitua Entebbe tarehe 8 Desemba, wakati mgonjwa wa mwisho alikuwa ameshatoka hospitalini. Hapakuwa tena na wa kuchanjwa. Januari 2023 mlipuko ukatangazwa kwisha, na kwa macho ya mtu wa nje juhudi zote zile zilikuwa zimekwenda bure.

Kumbe zilikuwa zimeacha kitu. Andiko la utafiti lilikuwa limekamilika. Kamati za maadili zilikuwa zimeshalipitia na kulifahamu. Wapo wauguzi waliokwisha kufundishwa namna ya kumfuata kila aliyemgusa mgonjwa na namna ya kumweleza mtu kwamba chanjo anayopewa bado inajaribiwa. Na mlipuko wa 2025 ulipotangazwa, dozi zaidi ya 2,000 zilikuwa tayari ndani ya Kampala. Chanjo ya aina hii huhifadhiwa kwenye baridi kali ambayo friza ya dukani haiifikii hata kidogo. Jokofu la namna hiyo haliwezi kuzimwa mlipuko ukiisha kisha liwashwe ukirudi. Linakula umeme usiku na mchana, na umeme ukikatika linakula dizeli ya jenereta. Bili hiyo haina mgonjwa na haina makala ya kisayansi itakayotoka kwayo. Ni gharama ya kusubiri, nayo ndiyo iliyotufanya tusichelewe.

Sasa chukua bajeti ya mradi wa kawaida. Juu utakuta mishahara ya mtafiti mkuu kwa asilimia fulani ya muda wake, muuguzi, mhudumu wa maabara, wahoji. Halafu vitendanishi (kemikali za vipimo), mirija ya damu, usafirishaji wa sampuli, nauli za washiriki, safari moja ya mkutano wa kimataifa. Kila kitu kina maelezo yake na kila maelezo yana swali la mkaguzi. Chini kabisa, kama pembeni, kuna mstari wa gharama za uendeshaji. Humo ndimo kunatakiwa kuingia mlinzi wa getini, mhasibu, afisa ununuzi, intaneti, maji, paa linalovuja, fundi wa majokofu, tanuri la kuchomea taka, na ofisi ya kamati ya maadili yenye karani mmoja na mafaili hadi dari.

Kwa ruzuku za NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, ambazo ndizo mfadhili mkubwa kuliko wote wa utafiti wa afya duniani, mstari huo kwa taasisi iliyoko nje ya Marekani una kikomo cha asilimia 8, na hesabu yenyewe haihusishi mashine kubwa zilizonunuliwa. Chuo cha Marekani hupatana na serikali yake kiwango chake chenyewe, na vingi vinavuka asilimia 50. Fanya hesabu ya haraka: kazi ya dola 1,000,000 ikifanyika Kampala, jengo na ofisi zinazoibeba zinapata dola 80,000. Kazi hiyohiyo ikifanyika kwenye chuo kikubwa cha kule, jengo linapata zaidi ya dola 500,000. Utadhani dizeli yetu ni ya bure.

Februari 2025 NIH ilitaka kuvishusha vyuo vya Marekani navyo hadi asilimia 15. Vyuo vikakimbilia mahakamani, vikasema maabara zitafungwa na majaribio yatakatizwa, na hakimu akaizuia hatua hiyo. Sikuwacheka, kwa sababu walikuwa wanasema kweli. Lakini nilijiuliza ni wangapi kati ya waliolia kwa kumi na tano waliwahi kusimama mbele ya bodi zao kuuliza wenzao wa Kampala wanaishije na nane.

Wanaishi kwa kujificha. Gharama halisi ya umeme inavishwa jina lingine. Mhasibu wa taasisi anakuwa "mratibu" wa mradi kwa nusu ya muda. Na kwa kuwa hakuna fedha ya pamoja ya kujenga kitu cha pamoja, kila mradi unajijengea kisiwa chake: gari lake, jokofu lake, mhasibu wake, kontena lake lililogeuzwa ofisi. Katika uwanja mmoja wa hospitali unaweza kukuta jenereta tatu zilizonunuliwa na miradi mitatu, na siku umeme unapokatika wodi ya wazazi iko gizani kwa sababu hakuna hata moja iliyounganishwa nayo. Kila moja ina kibandiko kinachosema ni mali ya nani.

Kisha mradi unaisha. Nimekaa kwenye mikutano ya kufunga miradi: kuna keki, fulana, picha ya pamoja, hotuba ya kushukuru uongozi wa wilaya. Vifaa vinakabidhiwa kwa hospitali kwa barua yenye mhuri. Baada ya muda utaikuta mashine ya vipimo imefunikwa shuka safi la hospitali, juu yake kuna chungu cha maua. Haina ubovu wowote. Vitendanishi vyake vilikuwa vinakuja kwa mkataba wa mradi, vinauzwa na kampuni iliyoiunda peke yake, na katoni moja inamaliza bajeti ya maabara ya robo mwaka. Ukiandika ripoti, hiyo mashine inahesabiwa kuwa uwezo uliojengwa.

Na watu je? Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu halionekani kwenye orodha ya vifaa. Kule Tororo, mpakani na Kenya, wapo wahoji waliofanya kazi kwenye tafiti za malaria kwa miaka mingi. Mhoji mzuri wa Tororo anaanza kwa Dhopadhola nyumba hii, Ateso nyumba ile, na akifika karibu na Malaba anaendelea kwa Kiswahili bila hata kufikiri. Anajua nyumba ipi mama hafungui mlango kabla ya kumaliza shamba. Anajua kwamba ukimpa baba fomu ya ridhaa bila kumpa muda wa kumuuliza mwalimu wa jirani, utapata alama ya kidole gumba lakini hutapata ridhaa. Anajua kukunja karatasi za marejesho ya nauli, moja moja na tarehe yake, ili mkaguzi wa hesabu asije akatilia shaka shilingi 10,000 za boda boda. Fedha ikikatika kwa miezi sita tu, mtu huyu anarudi kuuza duka au anavuka kwenda Kenya. Mradi mpya ukija unaajiri kijana mwenye shahada, unamfundisha kwa wiki mbili, na kwenye ripoti wanalingana.

Tororo yenyewe ni ushahidi wa kile muda mrefu unachoweza kuleta. Uganda ni mojawapo ya mahali ambapo NIH iliweka vituo vyake vya kimataifa vya ubora katika utafiti wa malaria mwaka 2010, kwa ruzuku za miaka saba badala ya tano za kawaida. Watafiti wa Makerere na wenzao wa Chuo Kikuu cha California San Francisco walihesabu wagonjwa wa malaria Nagongera, humohumo Tororo, mwezi baada ya mwezi. Upuliziaji wa dawa majumbani ulipoanza mwishoni mwa 2014, wakauona ugonjwa ukiporomoka. Dawa ya kupulizia ilipobadilishwa kuelekea 2020, wakauona ukirudi. Mradi wa miaka mitatu ungeona kuporomoka, ungeandika makala ya ushindi, ungekula keki na kuondoka. Kurudi kwa malaria kungebaki siri ya akina mama wenye watoto wenye homa.

Rakai, kusini mwa nchi, ni hivyohivyo, tena kwa kina zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, wavuvi na wachuuzi wa Kasensero, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, walikuwa wanakonda na kufa kwa ugonjwa ambao leo tunauita UKIMWI. Madaktari wa Makerere, Nelson Sewankambo na David Serwadda miongoni mwao, wakishirikiana na Wamarekani, walianzisha mradi wa Rakai mwaka 1988. Hawakutafuta kijiji kipya kila mfadhili alipobadilisha hamu yake. Walirudi kwenye vijiji vilevile. Mwaka 2000 takwimu zao zilionyesha kwamba uwezekano wa mtu kumwambukiza mwenzi wake unategemea wingi wa virusi kwenye damu, na kwamba wenye virusi vichache sana hawakuambukiza. Ukisikia leo mhudumu wa kliniki akimwambia mgonjwa kwamba akimeza dawa vizuri hamwambukizi mwenziwe, mojawapo ya mizizi ya sentensi hiyo iko Rakai. Mwaka 2007 wakaonyesha, sambamba na wenzao wa Kisumu, kwamba tohara inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa karibu nusu au zaidi. Hakuna ruzuku moja ya miaka mitano ingeweza kutoa hayo. Zilikuwa ruzuku nyingi zilizounganishwa kwa bahati, ushawishi na ubishi wa watu wachache, na si busara kuijenga sera ya nchi juu ya ubishi wa watu wachache.

Mtu atasema: basi Wazungu watupe asilimia 50 na mambo yatanyooka. Sina hakika. Agosti 2005 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulisimamisha ruzuku zake zote kwa Uganda kwa sababu ya usimamizi mbovu wa fedha, na tume ya Jaji James Ogoola ikaanika mengine hadharani. Fedha isiyo na mstari maalumu ndiyo rahisi kuliko zote kuliwa. Mfadhili anayekataa kulipia gharama za uendeshaji hana roho mbaya wakati wote. Mara nyingine ana kumbukumbu nzuri. Ila hapo ndipo kuna mzunguko wa kipuuzi: anakataa kulipia ofisi ya hesabu kwa sababu hesabu ni mbovu, na hesabu zinabaki mbovu kwa sababu hakuna anayelipia ofisi.

Tuna mfano wa nyumbani wa namna mzunguko huo unavyoweza kuvunjwa, na haukuanzia kwa mfadhili. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilizaliwa mwaka 1967 kwa ushirikiano na taasisi ya saratani ya Marekani. Mvuto wake ulikuwa ile saratani ya taya za watoto ambayo daktari mpasuaji Denis Burkitt aliieleza kutoka Mulago mwaka 1958. Watoto walipona kwa dawa, na dunia ya tiba ikajifunza kutoka kwenye wodi ndogo ya Kampala. Kisha akaja Idi Amin, Wamarekani wakaondoka. Charles Olweny akaishika taasisi, na baada yake Edward Katongole-Mbidde, katika miaka ambayo kupata pamba tu ilikuwa kazi. Utafiti ulififia, hilo lazima tukubali. Lakini mlango haukufungwa, kwa sababu wodi ile ilikuwa ya serikali, na kulikuwa na Waganda ambao kazi yao haikuandikwa kwenye ruzuku ya mtu. Ndiyo maana wenzao wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson cha Seattle walipokuja kushirikiana nao miongo mitatu baadaye, walikuta pa kukaa, na jengo jipya likafunguliwa Mulago mwaka 2015. Mgeni hurudi penye mwenyeji.

Kwa hiyo lawama yangu kubwa iko Kampala kuliko Washington. Viongozi wa Afrika walikutana Abuja mwaka 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Uganda haijafika huko. Waliahidi pia asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na hilo hata halizungumzwi tena siku ya kusomwa kwa bajeti. Mwaka 2019 serikali ilifanya jambo zuri: ilianzisha mfuko wa utafiti na ubunifu wa Makerere na kuutengea shilingi bilioni 30 kwa mwaka. Kwa mara ya kwanza kwa kiwango hicho, swali la utafiti liliweza kuulizwa hapa na kulipiwa hapa. Naiheshimu hatua hiyo. Ila fedha za umma hufuata mwaka wa fedha unaokwisha 30 Juni, na mbu wa Nagongera hawajui 30 Juni ni nini. Tumeuiga mtindo wa mfadhili, mradi mmoja mmoja, tena kwa muda mfupi kuliko wake.

Serikali pia iliamua mwaka 2022 kuwaongezea mishahara wanasayansi, hadi walimu wa masomo ya sanaa, walioachwa nje, wakagoma. Mwanasayansi anayelipwa vizuri bila maabara inayofanya kazi atafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya: atatafuta ushauri wa kitaalamu kwa mashirika.

Kuna jambo moja jipya linalofanya suala hili lisiweze kusubiri. Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa tena ruzuku ambazo chuo cha Marekani hupokea kisha kikaigawia taasisi ya nje sehemu yake. Badala yake utawekwa mpango ambao taasisi ya nje inapata ruzuku yake iliyounganishwa na ile kuu na kujibu yenyewe. Kwa muda mrefu tumedai tusipitishiwe mlangoni kwa mtu mwingine, na sasa tumeambiwa tuje wenyewe. Nani yuko tayari? Rakai wako tayari. Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere iko tayari, na wengine wachache wa Kampala na Entebbe wenye idara za ruzuku zilizokaguliwa mara nyingi hadi zikazoea.

Gulu je? Ni kaskazini mwa nchi, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Gulu na Wajapani wa Chuo Kikuu cha Juntendo, ambako Betty Balikagala na wenzake walipata ushahidi uliochapishwa mwaka 2021 kwamba vimelea vya malaria vimeanza kustahimili artemisinini, dawa ambayo bara zima linaitegemea. Onyo kubwa kama hilo lilitoka mahali ambapo fedha ni haba hata kwa vipimo vya Uganda yenyewe. Mbarara ina nguvu kiasi. Busitema, ambayo makao yake yako wilaya ya Busia, mpakani na Kenya, haijapata kushika ruzuku nyingi kubwa mkononi mwake. Vyuo hivi vilizoea kupewa mgao kupitia mkubwa fulani. Mlango wa mkubwa ukifungwa na wao hawana mhasibu anayejua fomu za Marekani, basi pengo kati ya Kampala na mikoani litapanuka kwa jina la usawa.

Ningeanzia hapo. Serikali haiwezi kufidia dola zilizokatwa, na asiyekubali hilo anadanganya umma. Inaweza, hata hivyo, kulipia vitu vitatu visivyo na picha. Kwanza, ofisi moja ya pamoja ya kusimamia ruzuku kwa vyuo vya Gulu, Mbarara na Busitema, yenye wahasibu wa kudumu na mkaguzi wa nje kila mwaka, ripoti zake ziwekwe wazi ili anayetaka kukumbuka ya 2005 awe na cha kusoma. Pili, umeme, dizeli na mafundi wa majokofu ya hifadhi za sampuli, katika fungu la bajeti la kudumu ambalo halitegemei kama kuna mradi. Tatu, kundi dogo la wahoji na wauguzi wa utafiti katika wilaya za mpakani kama Tororo na Busia, wakiwa waajiriwa wa wilaya, wanaokodishwa kwa miradi na kurudi kwenye zahanati miradi ikikauka. Mfadhili akija na asilimia 8 yake atakuta nyumba tayari ina taa, na ataweza kuulizwa kwa nini isiwe 15.

Bajeti husomwa kila Juni. Kabla ya hapo kamati ya afya ya Bunge huwaita wakuu wa taasisi na kuwauliza wametumiaje fedha. Mbunge wa Tororo au wa Gulu atakayepata nafasi ya kuuliza swali moja, amuulize Waziri ni fungu lipi linalolipia umeme wa majokofu wakati hakuna Ebola.